Nanasi Huchomwa Kwanza

Siku binti yake Bibi alipoondoka, bata alikuwa ndani ya beseni jikoni, amekwisha kukatwa vipande na kupakwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu. Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Binti alisimama mlangoni kajishika kiuno, akasema tumbo linamsokota tangu alfajiri, anakwenda hospitali mara moja apewe dawa, na saa sita atakuwa amesharudi aanze kupika. Kesho yake mtoto wake alikuwa anatimiza miaka minane.

"Mama, ukiwahi kurudi kabla yangu, mgeuze huyo bata, chumvi imwingie na upande wa pili," alisema. Akavaa kandambili zake za bluu, akatoka kwa miguu yake mwenyewe.

Hayo ndiyo yakawa maneno ya mwisho. Bibi hakumgeuza bata. Saa tisa mchana aliitwa kutoka kazini, akafika hospitali na aproni yake ya kupigia pasi ikiwa bado kiunoni, na daktari mmoja kijana akamwambia kwamba mimba ilikaa pasipo pake, damu ikavujia ndani, na laiti angeletwa mapema zaidi. Habari ya mimba hakuna aliyekuwa nayo. Pengine hata marehemu mwenyewe hakuwa nayo.

Beseni lilikumbukwa siku ya tatu, watu waliokuja kwenye msiba walipoanza kuziba pua. Jirani wa nyuma ya nyumba, mfuga bata ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Bata, alilibeba beseni na vilivyokuwemo, akaenda kufukia nyuma ya banda lake. Hakumwuliza mtu.

Mkwe wake, baba wa mtoto, alikaa miezi mitatu zaidi katika nyumba ile. Kisha akapata kazi kwenye kiwanda cha magodoro, mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. "Niache nijipange, Mama," alimwambia Bibi. Mtoto akabaki. Mtoto huyo waliyekuwa wakimwita Chiriku, kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haufungi tangu anapoamka, alihamia kwenye chumba cha Bibi na kitanda chake, kikawekwa chini ya dirisha.

*

Duka la dobi lilikuwa chumba kirefu chenye meza tatu za kupigia pasi na mlango mmoja. Wateja walisimama mbele, wapiga pasi walisimama nyuma, na kati yao palikuwa na kamba za nguo zilizokamilika. Bibi alikuwa amesimama kwenye meza ile ile miaka kumi na tisa. Shati alilijua kama watu wengine wanavyoijua njia ya kwenda kwao.

Mwaka wa msiba ulikuwa unakaribia kutimia, simu ikalia akiwa katikati ya mkono wa shati. Simu yake ilikuwa mbovu, haisikiki mpaka iwekwe sauti ya nje, kwa hiyo alipoipokea, duka zima lilipokea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisubiri kidogo nitoke..."

"Nitasema haraka, Mama, niko kazini. Nimepata mwenzangu. Tumeshaoana, ndoa ndogo tu ya watu wachache. Sikutaka uisikie kwa watu."

Mpiga pasi wa meza ya pili aliinama juu ya suruali kama anayetafuta kifungo. Mteja mmoja aliyekuwa akihesabu mashati yake aliacha kuhesabu.

"Hongereni," Bibi alisema.

"Ahsante, Mama. Sasa, ile Jumamosi ya kuzaliwa kwake mtoto tutakuja wote wawili. Tule pamoja, halafu tuzungumze. Shule za huku zinafungua mwezi unaofuata."

"Mtoto ana shule hapa, Baba Chiriku."

"Ndiyo maana nasema tutazungumza, Mama."

Simu ikakatika. Mwenye duka alikuwa amesimama kwenye daftari lake la wateja, kalamu hewani.

"Mama," alisema, "hilo shati unalipiga pasi au unalipa pole?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Bibi naye akacheka. Alipoinua pasi, kwenye mkono wa shati palikuwa na alama ya rangi ya chai. Aliipeleka nguo ile kwenye beseni la nyuma akaisugua, huku mwenye duka akimweleza mteja kwamba mama huyu ni mzoefu sana, leo tu ndio amepata habari.

*

"Kuzungumza!" alisema Mama Bata jioni ile, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bata wake wakimzunguka miguuni. "Mtu anayetoka huko na mke na mifuko haji kuzungumza. Anakuja kuchukua."

"Ni baba yake."

"Nani kakataa? Baba ni baba. Lakini homa ya mtoto nani alikesha nayo? Daftari za shule nani anazijua? Mwezi wa nne yule mtoto alipoota mama yake akakojoa kitandani siku kumi mfululizo, nani alikuwa anaanika godoro? Mtengeneza magodoro?"

Bibi alijikuta akitabasamu. Mama Bata alikuwa na ulimi usio na breki, na kwa mwaka ule mzima, ulimi ule ndio uliomtoa Bibi nyumbani.

"Nikimkatalia atachukua kwa nguvu," Bibi alisema. "Nikimlilia atanihurumia, kisha atachukua."

"Basi usimkatalie, usimlilie. Mlishe." Mama Bata alimsukuma bata mmoja kwa mguu. "Wewe jiulize, yule mwanamume siku za furaha katika nyumba ile alikuwa anakula nini? Alipopata leseni ya udereva, bata wa nanasi. Siku ya harusi yao, bata wa nanasi. Chiriku alipozaliwa, bata wa nanasi, tena wawili, mimi banda langu likabaki kama uwanja. Mpikie huyo huyo. Ale, akumbuke. Akikumbuka, hana moyo wa kumng'oa mtoto hapa."

"Sijui kumpika."

Mama Bata alimtazama. "Miaka yote ile?"

"Nilikuwa narudi kazini nakuta kimeiva."

Ilikuwa kweli, na Bibi alipoisema ndipo alipoisikia. Binti yake alikuwa akipika chakula kile kila siku maalumu kwa miaka kumi, naye Bibi alikuwa ananawa mikono, anakaa, anakula, anasema mikono yako mwanangu Mungu aibariki. Hakuwahi kuingia jikoni akasimama kando yake akauliza. Binti alikuwa akimtania: "Mama unamwogopa bata bure, ni rahisi kuliko kuku." Naye alikuwa akijibu kwamba yeye ni mtu wa nguo.

"Nitakupa wawili," alisema Mama Bata. "Mmoja wa kujifunzia, mmoja wa siku yenyewe. Usianze kunishukuru, mdogo wangu ana harusi mwezi ujao, utatupigia pasi magauni yote hayo yenye marinda mpaka ujute."

*

Bata wa kujifunzia walimgawa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ilipikwa Jumapili ile, nusu ya pili ikawekwa kwenye friji ya Mama Bata.

Bibi alipika kama anavyopika kuku. Alitia mafuta kwenye sufuria, akakaanga vitunguu, akatumbukiza nyama, akaongeza maji, akafunika. Chiriku alikaa juu ya kigoda akiwa ameshika daftari la hesabu, lakini hesabu hakuna aliyoifanya.

"Bibi, mbona umetia mafuta?"

"Chakula hakipikwi bila mafuta."

"Mama hakuwa anatia. Alisema bata anakuja na mafuta yake mfukoni."

"Ungesema mapema."

"Hukuniuliza."

Kilichotoka kwenye sufuria kilikuwa kitu kinachoogelea. Mafuta yalikuwa yamepanda juu unene wa kidole, na chini yake nyama ilikuwa ngumu na ina harufu nzito ya banda. Mama Bata aliitwa. Alionja, akatema kwenye kiganja, akauliza kama ile tezi ya mkiani ilitolewa.

"Tezi gani?"

"Ile! Hapa juu ya mkia, kama punje mbili za njano. Usipoitoa, bata ananuka bata." Alifuta mkono wake kwenye kanga. "Jirani, wewe endelea tu kupiga pasi."

Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu. Bibi alimtazama akicheka, meno yake mawili ya mbele yakiwa yameota makubwa kuliko mengine. Alijikaza kisabuni, akaosha sufuria.

Jumapili iliyofuata alifanya tofauti. Alimsikiliza mtoto. Tezi ikatoka. Vipande vikakaushwa kwa kitambaa safi, ngozi ikachomwachomwa kwa ncha ya kisu bila kugusa nyama, kisha vikalazwa kwenye sufuria kavu, ngozi chini, juu ya makaa machache. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Halafu sufuria ikaanza kunong'ona, na mafuta yakachuruzika yenyewe, safi kama maji, Bibi akawa anayachota na kuyamimina kwenye kopo. Alichota mara nne. Ngozi ilipokuwa ya rangi ya dhahabu aliigeuza nyama, akamimina juisi ya machungwa matatu, kijiko cha sukari, siki kidogo, akafunika na kuacha moto mdogo kwa saa moja na nusu. Mwisho akaongeza vipande vya nanasi.

Ilikuwa rahisi. Hilo ndilo lililomwuma. Ilikuwa rahisi kweli, kama alivyokuwa akiambiwa.

Chiriku alionja akiwa amefumba macho, kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

"Karibu," alisema. "Lakini bado siyo."

"Bado nini? Chumvi?"

"Siyo chumvi. Nanasi la Mama lilikuwa na weusi weusi."

"Kwamba liliungua?"

"Siyo kuungua, Bibi. Lilikuwa na mistari." Mtoto alifumbua macho. Alisimama, akainama chini ya meza, akavuta kutoka nyuma ya magunia ya mkaa wavu wa chuma uliojaa vumbi. "Nanasi lilikuwa linachomwa kwanza! Juu ya huu. Mimi ndiye nilikuwa napepea, na Mama alikuwa anasema nisipepee kama nafukuza nzi."

Waliuosha wavu. Wakakata vipande vya nanasi lililobaki, wakavipanga juu ya makaa, Chiriku akapepea. Sukari ya tunda ilianza kuchemka pembeni, ikageuka kahawia, ikashika mistari myeusi, na harufu ikajaa jikoni, ikatoka mpaka uani. Wakavirudisha kwenye mchuzi, wakafunika kwa dakika kumi. Kisha Bibi akapakua kipande kimoja kimoja.

Alitia mdomoni. Binti yake akaingia jikoni.

Hakukuwa na namna nyingine ya kuliona jambo lile. Hakuona sura, hakusikia sauti, lakini alikuwa pale, kando ya jiko, na mkono wake ukinuka tangawizi. Bibi aliweka kijiko chini. Alipomtazama mtoto, alimkuta ameshakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, amewapa mgongo, sahani magotini. Alikula chote bila kusema neno. Alinawa, akaenda kulala, mchana ule wa saa tisa, na jioni alipoamshwa alijibu ndiyo na hapana tu. Siku iliyofuata pia alikuwa kimya mpaka alipotoka shule.

Bibi alikuona kukaa kimya kule, naye akakutafsiri anavyotaka. Alimwambia Mama Bata: "Imetoka sawasawa. Kama ilimgusa mtoto namna ile, baba yake itakuwaje?"

*

Walifika Jumamosi saa tano asubuhi, wakiwa wamesafiri usiku kucha. Mkwe alikuwa amenenepa kidogo na amenyoa ndevu. Alimbeba Chiriku juu, akamzungusha, akamshusha akihema, akasema mtoto amekuwa gunia la mahindi. Mke wake alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mshona mapazia, mwenye sauti ya chini. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari. Alisalimia kwa heshima, akampa Chiriku gauni alilolishona mwenyewe, ambalo lilikuwa fupi kwa inchi mbili maana alishona kwa kukisia, kisha akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Kilikuwa kiti cha marehemu. Hakuna aliyemwambia, na Bibi alimkonyeza mtoto anyamaze.

"Mama, niingie jikoni nikusaidie?"

"Pumzika, mwanangu. Umetoka mbali."

Hata hivyo aliingia. Mkwe alikuwa uani anataniana na Mama Bata, naye mke wake akasimama kwenye mlango wa jikoni, akasema kwa haraka kama anayeogopa kukatizwa:

"Mama, nakuona una wasiwasi. Usiwe nao. Tumezungumza njia nzima. Mtoto atabaki kwako mpaka amalize shule ya msingi. Nilimwambia mwenzangu mtoto si mche, huwezi kumng'oa hapa ukamchomeka pale ukategemea ashike. Amekubali. Atakuambia mwenyewe tukishakula."

Bibi alishika ukingo wa meza. Kwa wiki tatu alikuwa amemwogopa mwanamke huyu hata kabla ya kumwona. Akamshika mkono, mkono mdogo wenye vidole vigumu vya sindano.

"Mungu akulipe, mwanangu. Nenda kakae. Nenda, chakula ki tayari."

Alipobaki peke yake, alilia kidogo na kufuta machozi kwa kiwiko. Alikuwa ameshapata alichokitaka. Angeweza kupakua wali na maharage, na mambo yangekwisha vizuri. Lakini furaha ilimpa nguvu ya ajabu, akataka awashukuru kwa kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuwa katika nyumba ile. Alichochea makaa, akavipanga vipande vya nanasi kwenye wavu, akavichoma taratibu, upande mmoja, upande wa pili, mpaka mistari ikakolea.

*

Mezani mkwe alikuwa akiwachekesha. Alieleza kwamba yeye mwenyewe siku hizi analala chini kwenye mkeka, kwa sababu godoro anajua ndani limewekwa nini. Chiriku alicheka akamwaga maji. Mke alimpa kitambaa. Ilikuwa meza ya watu wanaoweza kuishi pamoja.

Bibi alifunua sufuria.

Mkwe alikuwa katikati ya sentensi. Sentensi haikumalizika. Alitazama mvuke ukipanda, akatazama mlango wa jikoni kama anayesubiri mtu wa pili atoke. Bibi akampakulia paja na vipande vitatu vya nanasi. Alikula tonge la kwanza, akatafuna kwa muda mrefu. Akala la pili. Akamaliza nyama, akamung'unya mfupa, akachukua kipande kingine bila kukaribishwa, na wakati wote huo machozi yalikuwa yakishuka na yeye hayafuti, kama vile si yake.

"Mimi ndiye niliyekumbuka nanasi, Baba," alisema Chiriku. "Bibi alikuwa amesahau kulichoma."

"Ndiyo, mama," alisema mkwe, akamshika kichwa. "Umekumbuka vizuri."

Kisha akamgeukia Bibi. "Nani amepika?"

"Mimi, mwanangu."

"Hapana," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kawaida kabisa. "Nani amepika?"

Alisimama, akasema samahani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kupitia dirishani walimwona ameinama kando ya banda la bata, mikono imeshika nguzo, mabega yakitikisika. Sauti yake ilisikika mpaka ndani. Alikuwa anamwita marehemu kwa jina lile ambalo wao wawili tu ndio walikuwa wakiitana, na alikuwa analia kama mtu aliyepewa habari ya msiba saa ile.

Mke wake hakuinuka. Aliisogeza sahani yake mbele kidogo. Hakuwa ameigusa nyama, ila kipande kimoja cha nanasi kilikuwa kimeng'atwa.

*

Walioshea vyombo jikoni, wanawake wawili, mmoja akisuuza, mwingine akifuta. Chiriku alikuwa ametumwa kwa Mama Bata kupeleka sahani ya jirani.

"Tangu nimfahamu sijamwona akilia," alisema mke. "Nilijua alifiwa. Aliniambia siku ya kwanza tulipokutana. Aliniambia vizuri, bila hata kushikwa na kigugumizi, nikadhani ameshalia akamaliza."

"Sisi pia tulidhani."

"Mama, mimi nilikuwa upande wako. Unajua. Nimekuambia hapa hapa."

Bibi aliacha kusuuza. Alijua kinachokuja kabla hakijafika.

"Nitapika kitu kingine," alisema haraka. "Chakula hiki hakitaingia tena humu ndani, nakuapia. Akija atakula wali, atakula viazi..."

"Siyo chakula, Mama. Au ndicho, sijui." Mwanamke alifuta sahani iliyokwisha kukauka. "Mtoto akibaki hapa, baba yake atakuja hapa. Kila likizo, kila mtoto akiugua. Atakaa pale, atalala mle. Kisha atarudi kwangu, na hatakuwa amerudi. Umemwona mwenyewe."

"Basi asije. Mtoto ndiye awe anakuja kwenu."

"Utamzuia baba asimfuate mwanawe? Wewe unamjua kuliko mimi."

Bibi alimjua.

"Nina mimba, Mama. Miezi minne." Aliisema kama mtu anayeomba msamaha. "Nahitaji mume aliye nyumbani."

Bibi alitazama chini, akaona miguu ile iliyovimba. Alikuwa ametafuta ndani ya moyo wake hasira ya kumrushia, kwa kuwa hasira ingesaidia, lakini hakuipata. Badala yake alijisikia akiuliza, kwa sauti ya mama yeyote:

"Umepimwa hospitali?"

"Bado."

"Nenda ukapimwe. Usikae na maumivu yoyote ukasema yatapita. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mkwe aliporudi ndani uso ulikuwa umeoshwa. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akiwa ameshika kofia yake kama anayeomba kazi.

"Mama, nitamchukua mtoto."

"Mlikuwa mmeamua vingine."

Alimtazama mke wake, akaona kwamba siri ilishatoka. "Ndiyo. Njiani tulikuwa tumeamua vingine."

"Nimekosa nini, Baba Chiriku?"

"Hujakosa kitu, Mama. Hata kidogo." Aliangalia kofia. "Siwezi kuingia tena nyumba hii. Nilidhani naweza. Na siwezi kumweka mtoto mahali nisipoweza kuingia."

Bibi alitaka kumwambia kwamba yeye anaingia humo kila siku, na anatoka, na anaingia tena. Lakini aliona kwamba ingekuwa ni kugombania nani ameumia zaidi, na mchezo huo hauna mshindi. Akauliza kama watasafiri leo au kesho. Akaambiwa basi la kesho saa mbili asubuhi.

Chiriku aliporudi na sahani tupu, alisimama mlangoni, akawatazama mmoja mmoja.

"Mimi nimefanya nini?" aliuliza.

"Hakuna," wakasema wote watatu kwa pamoja.

*

Asubuhi ile Bibi alikunja nguo za mtoto kwa ufundi wake wote. Mashati mawili ya shule aliyapiga pasi, ingawa huko sare ilikuwa ya rangi nyingine. Chiriku aliuliza kama atachukua wavu, akaambiwa achukue. Akauliza kama huko kuna nanasi, baba yake akasema nanasi zipo kila mahali. Kituoni hakulia. Alizungumza mfululizo, juu ya mwalimu wake, juu ya dirisha atakalokaa, juu ya bata mmoja wa Mama Bata anayechechemea, mpaka basi likawashwa na sauti yake ikamezwa. Bibi aliendelea kuuona mdomo wake ukienda nyuma ya kioo.

Ilikuwa Jumapili, lakini duka lilikuwa limefunguliwa kwa kazi ya hoteli, naye kazini alifika saa tatu. Mwenye duka alitazama saa ya ukutani, akatazama uso wake, akaishia kusema kwamba mashuka ya hoteli yamekuja mengi.

"Tungempikia maharage," alisema Mama Bata jioni. Alisubiri jirani yake acheke, na alipoona hacheki, alishuka kwenye ndoo yake, akakaa naye chini. Hakusema tena kitu, na kwa Mama Bata hilo lilikuwa jambo ambalo mtaa haukuwahi kulishuhudia.

Mke wa mkwe alipimwa, mimba ikaonekana salama. Alimpigia Bibi mwenyewe kumwambia. Chiriku alipelekwa darasa la nne. Hupiga simu Jumapili, na kwa kuwa simu ya Bibi bado ni mbovu, maongezi yao husikika chumba kizima, ingawa kwa muda mrefu chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Mwanzoni mtoto alikuwa akieleza mambo mengi. Siku hizi husema yuko salama, amekula, shule ni nzuri, kisha huuliza kama Bibi anataka kuongea na Baba. Likizo ya kwanza hakuja. Ya pili walisema mtoto mchanga ana homa.

Kitanda cha chini ya dirisha sasa kinalaliwa na msichana anayekunja mashuka pale dobi, ambaye kwao ni mbali. Anasoma ushonaji jioni, na kozi yake ni ya miaka miwili.